Kasoro Iko Wapi? Maneno ya Kiingereza ya Dosari na Alama za Adhabu kwa Wasemaji wa Kichina

Msemaji wa Kichina anayejiandaa kwa usaili wa kazi huandika sentensi kama hii: “My biggest disadvantage is that I am impatient.” Sarufi imenyooka na kila neno limo kwenye kamusi, lakini Mwingereza akiisoma anasita. “Disadvantage” si tabia ya mtu. Ni hali inayomweka nyuma ya wenzake: hana usafiri, anaishi mbali na mji, alichelewa kuanza shule. Papara yake ni “weakness”. Akitaka kuzungumzia tabia zake mbaya kwa jumla, atasema “shortcomings” au “faults”.

Chanzo cha kosa ni neno moja la Kichina, quēdiǎn, 缺点. Quē ni kupungukiwa, diǎn ni nukta. Neno hilo linamtosha mtu, simu, mpango, mji na sheria, bila kubadilika. Mwanafunzi akifungua kamusi anakuta maneno sita au saba ya Kiingereza yamepangwa kwenye mstari mmoja kana kwamba ni mamoja, naye huchukua lile alilokariri kwanza. Mwalimu anayezungumza Kiswahili ana pa kuanzia, kwa sababu sisi wenyewe hatusemi umeme una ila, tunasema una hitilafu. Wala hatusemi mchumba ana hitilafu. Kila neno lina makazi yake. Kiingereza kiko hivyohivyo, ila mipaka yake imechorwa kwingine.

Swali linalosaidia kuliko orodha yoyote ya visawe ni hili: kasoro yenyewe iko wapi? Iko kwenye nafasi aliyomo mtu, kwenye kitu, ndani ya mtu, kwenye hoja, au imeandikwa kwenye daftari la mtu mwingine? Jibu likipatikana, neno linakuja lenyewe.

Nafasi, kitu, mtu, hoja

Kwenye nafasi ndiko liliko “disadvantage”. Kichina kina neno linalolingana nalo vizuri zaidi kuliko quēdiǎn, nalo ni lièshì, yaani kuwa upande ulio dhaifu. Mchezaji mfupi kwenye mpira wa kikapu yuko “at a disadvantage”. Mpango wa kuhamisha ofisi unaweza kuwa na “disadvantages”, kwa sababu unawaweka watu katika hali mbaya kuliko waliyokuwa nayo. Na hapa pana mtego mwingine: “a disadvantaged student” si mwanafunzi mwenye dosari nyingi. Ni mwanafunzi anayetoka katika familia au mtaa usio na uwezo. Ukimwita hivyo ukiwa na maana ya mvivu, umemkosea yeye na wazazi wake.

“Drawback” ni jirani wa “disadvantage”, lakini hukaa kwenye kitu au wazo ambalo kwa jumla ni zuri. Nyumba ni kubwa na kodi yake nafuu; “the only drawback” ni kelele za barabarani. Ndiyo maana neno hili hupenda kufuatana na “only” au “main”. Kulitumia kwa jambo baya tupu huleta sauti ya ajabu: vita havina “drawbacks”. Mtu naye hana “drawbacks”, isipokuwa anapopimwa kama chaguo miongoni mwa machaguo. Baada yake huja “of”, “to” au “with”, na yote matatu yanakubalika.

Kwenye kitu kilichotengenezwa, tunatofautisha “defect” na “fault”. “Defect” ni kasoro ambayo kitu kimetoka nayo kiwandani au kimezaliwa nayo. Inalingana na quēxiàn. “Fault” ya kifaa ni hitilafu inayotokea kikiwa kazini, kama waya kukatika. Ripoti ya kiwanda inayosema “three units had defects” na ile inayosema “three units developed faults” zinapeleka lawama kwa watu tofauti: ya kwanza inamtazama mtengenezaji, ya pili inaweza kumtazama aliyefunga mtambo au aliyeutumia. Mkalimani kwenye mradi wa ujenzi asichanganye hayo mawili, maana madai ya dhamana hutegemea tofauti hiyo hiyo.

“Flaw” ni ufa mdogo unaoharibu kitu ambacho kingekuwa kizuri. Makazi yake ni vito, mipango, hoja na tabia za watu wakubwa. Kichina kina xiácī, ambalo herufi yake ya kwanza imejengwa juu ya alama ya jiwe la jade, kwa hiyo mwanafunzi wa Kichina huielewa “flaw” haraka akionyeshwa almasi kwanza na hoja baadaye. Kihusishi chake ni “in”: “a flaw in the argument”.

Ndani ya mtu kuna “weakness”, “shortcomings” na “faults”. “Shortcomings” ndilo jepesi kwa msemaji wa Kichina, kwa kuwa duǎnchù nalo kwa asili ni “mahali pafupi”. Kosa linalorudiwa hapa ni la wingi. Nomino ya Kichina haibadiliki kwa wingi, hivyo wanaandika “he has many shortcoming”, ilhali Waingereza karibu siku zote hulitumia neno hili katika wingi. “Weakness” nalo lina mlango wa nyuma: “weakness in maths” ni udhaifu wa hesabu, lakini “a weakness for chocolate” ni kupenda chokoleti kupita kiasi. Kihusishi kimoja kinageuza dosari kuwa mapenzi. Hali kadhalika “generous to a fault” ni sifa kwa mtu mkarimu mno, ingawa mwanafunzi akiisoma kwa haraka hudhani mtu huyo amekosea jambo.

Neno bùzú, “haitoshi”, linastahili kutajwa peke yake kwa ajili ya wanaoandika tasnifu. Mwishoni mwa tasnifu ya Kichina mwandishi hukiri kwamba kazi yake bado ina bùzú, na wengi hulifasiri “insufficiencies” au “deficiencies”. La kwanza linanuka hospitali, kama ugonjwa wa moyo au figo kushindwa kazi. La pili linakaribia kukiri kwamba utafiti haufai. Neno la kitaaluma ni “limitations”, na maana yake ni mipaka ya utafiti, kama sampuli ndogo au muda mfupi, bila kuilaani kazi nzima.

Kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ambako insha ya pili hutakiwa kuwa na maneno yasiyopungua 250, mara nyingi swali huuliza kama “advantages” za jambo fulani zina-“outweigh” “disadvantages” zake. Watahiniwa wengi huhesabu: faida tatu, hasara mbili, basi faida zimeshinda. Kitenzi hicho ni cha mizani. Hasara moja nzito inaweza kushinda faida tano nyepesi, na insha inayoeleza uzito huo hujibu swali lililoulizwa.

Neno lenye sura mbili

Katika orodha ya kamusi, neno gumu kuliko yote ni “demerit”. Upande mmoja lina maana ya dosari ya jambo, kama kwenye “the merits and demerits of the plan”. Kwa matumizi hayo ni neno la vitabu. Huko Uingereza na Marekani mtu wa kawaida atasema “pros and cons” akizungumza na “advantages and disadvantages” akiandika. Upande wa pili “demerit” ni alama halisi inayoandikwa na mwenye mamlaka dhidi ya mtu aliyekosa, na huku ndiko linakoishi hasa: shuleni, jeshini na kwenye leseni za udereva. Kwa hiyo sentensi “this phone has three demerits” inamfanya msomaji aione simu imesimamishwa mbele ya mwalimu wa nidhamu.

Katika Kichina cha China Bara sura hizo mbili zina maneno mawili tofauti. Dosari ni quēdiǎn. Kuandikiwa kosa ni jìguò, 记过, yaani jì, kuandika kumbukumbu, na guò, kosa. Lakini Hong Kong mambo yamekutana. Shule nyingi za huko huandika kwenye ripoti ya mwanafunzi alama iitwayo 缺點, lile lile quēdiǎn kwa herufi za jadi, na kwa Kiingereza huiita “demerit”. Upande wa sifa kuna 優點. Kwa mtoto aliyesoma Hong Kong, neno moja lina sura mbili katika lugha zote mbili, hivyo yeye hujikwaa kidogo hapa kuliko mwenzake wa Beijing. Mwalimu akijua mwanafunzi wake ametoka wapi, anajua pia muda wa kutumia kwenye neno hili.

Wazo la kuhesabu mema na mabaya kwa namba lina mizizi mirefu China. Madaftari yaitwayo gōngguògé yalimtaka mtu aandike matendo yake kila siku, mema upande mmoja na mabaya upande wa pili, kila tendo likiwa na thamani yake. La zamani zaidi lililobaki ni la mwaka 1171, na mwanazuoni Yuan Huang, aliyeishi 1533 hadi 1606, aliyaeneza sana. Katika moja ya orodha hizo, kumwokoa mtu na kifo kulikuwa na thamani ya alama 100 za wema, na kusababisha kifo alama 100 za ubaya. Wanahistoria wanaoandika kwa Kiingereza huyaita “ledgers of merit and demerit”, na hapo neno linakaa sawasawa, maana kuna daftari na kuna mwandishi.

Ngazi za adhabu

Anayetafsiri barua ya nidhamu anatakiwa kujua ngazi nzima, siyo neno moja. Taiwan inatoa mfano safi. Kuna jǐnggào, onyo. Xiǎoguò, kosa dogo. Na dàguò, kosa kubwa. Kwa desturi maonyo matatu ni kosa dogo moja, na makosa madogo matatu ni kosa kubwa moja. Kwa miaka mingi makosa makubwa matatu yalimaanisha kuondoka shuleni, yaani safari ya maonyo 27. Upande wa pili wa mizani kuna jiājiǎng, pongezi, xiǎogōng, sifa ndogo, na dàgōng, sifa kubwa, na sifa hizo zinaweza kufuta makosa. Kwa Kiingereza ngazi hizo huwa “warning”, “minor demerit” na “major demerit”. Tatizo hujitokeza mfasiri anapoandika “small mistake” na “big mistake”. Hapo adhabu iliyoandikwa rasmi inageuka maelezo tu ya tukio, na chuo cha ng'ambo kinachosoma barua hiyo hakitajua kwamba mwanafunzi ana rekodi.

China Bara vyuo vikuu vinafuata kanuni za Wizara ya Elimu zilizoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2017, zenye ngazi tano: jǐnggào, yánzhòng jǐnggào, jìguò, liúxiào chákàn na kāichú xuéjí. Kwa Kiingereza: “warning”, “serious warning”, “demerit”, “disciplinary probation”, “expulsion”. Kanuni hizo huchukuliwa pia kama kielelezo kwa wanafunzi wa kigeni, hivyo Mtanzania au Mkenya anayesoma huko anaweza kukabidhiwa karatasi yenye maneno haya. Adhabu zote isipokuwa kufukuzwa kwa kawaida hupewa muda wa miezi 6 hadi 12, kisha huondolewa. Ngazi ya nne, yaani kubaki chuoni chini ya uangalizi, ndiyo inayopotosha zaidi. “Probation” peke yake, kazini, ni kipindi cha majaribio cha mwajiriwa mpya, jambo lisilo na aibu yoyote. Mahakamani ni kifungo cha nje. Bila neno “disciplinary” mbele yake, msomaji hawezi kujua ni ipi.

Watumishi wa serikali ya China wana ngazi sita: onyo, jìguò, jì dàguò, kushushwa daraja, kuvuliwa wadhifa na kufukuzwa. Muda wake ni miezi 6 kwa onyo, 12 kwa jìguò, 18 kwa jì dàguò, na 24 kwa kushushwa daraja au kuvuliwa wadhifa. Katika muda huo mtumishi hapandi cheo. Kuanzia jìguò na kuendelea hapandi hata hatua ya mshahara, jambo ambalo onyo halimzuii. Kwa hiyo mfasiri anayeandika “warning” mahali pa “demerit” kwa kudhani anapunguza ukali, amebadilisha mshahara wa mtu kwenye karatasi.

Neno la kufukuza nalo liangaliwe. Kāichú hutumika kwa mwanafunzi na kwa mfanyakazi. Kwa Kiingereza mwanafunzi ni “expelled”, mfanyakazi ni “dismissed”, na “fired” ni ya mazungumzo. “Suspended” ni kusimamishwa kwa muda, na mtu huyo anatarajiwa kurudi.

Alama zinaongezwa au zinakatwa?

Kwenye leseni za udereva kosa halimo katika neno peke yake, limo pia katika mwelekeo wa hesabu. Kisheria, China Bara hutumia jìfēn, kuandika alama. Dereva huanza kipindi cha miezi 12 akiwa na sifuri, na akifika 12 leseni yake huzuiliwa mpaka ahudhurie masomo na kufaulu mtihani. Lakini barabarani kila mtu husema kòufēn, kukata alama, kana kwamba dereva alikabidhiwa 12 mfukoni na askari anazipunguza. Matokeo yake mwanafunzi husema: “I was deducted six points.”

Sentensi hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni la mwelekeo. Ontario, Kanada, dereva huanza na sifuri, alama huongezwa, na mwenye leseni kamili akifika 15 husimamishwa kwa siku 30. New South Wales, Australia, kikomo cha leseni ya kawaida ni alama 13 ndani ya miaka 3. Uingereza, 12 ndani ya miaka 3 kwa kawaida humnyima dereva leseni kwa miezi isiyopungua 6. Kote huko alama hupanda. Katika maandishi tumia “incur demerit points” au “accumulate”. Katika mazungumzo, “I got three points on my licence” inatosha. Australia utawasikia watu wakisema “lose points”, na hakuna haja ya kuwasahihisha, ila kwenye barua kwa kampuni ya bima andika “incur”.

Kosa la pili ni la muundo, na wasemaji wa Kiswahili wanapaswa kulisikiliza kwa makini kwa sababu ni letu pia. Kichina huweka bèi mbele ya kitenzi na kumfanya aliyepatwa na jambo awe kiima: nimekatwa alama, nimeandikiwa kosa. Kiswahili kinaruhusu jambo hilo hilo bila taabu. Kiingereza hakiruhusu kwa “deduct” wala “record”. Kinachokatwa ni alama, siyo mtu. Ukitaka mtu abaki kiima, badilisha kitenzi: “I lost five marks”, “I was given a demerit”, “she received a warning”. “Give” ndicho kitenzi cha kumfundisha mwanafunzi mapema, kwa kuwa kinavumilia mtu kuwa kiima hata katika kauli ya kutendwa.

Namba nazo hazisafiri bila kikomo chake. Kupita taa nyekundu ni alama 6 China Bara, 5 Hong Kong na 12 Singapore. Ukiandika hivyo tu, Singapore inaonekana katili mara mbili. Lakini kikomo ni 12 China Bara ndani ya miezi 12, 15 Hong Kong ndani ya miaka 2, na 24 Singapore ndani ya miezi 24. Kwa hiyo China Bara na Singapore kosa hilo linakula nusu ya kikomo, na Hong Kong theluthi moja. Jina nalo hubadilika: Hong Kong huziita “driving-offence points”, Singapore na Australia “demerit points”, Uingereza “penalty points”. Uingereza alama hizo zikiingizwa kwenye rekodi ya dereva huitwa “endorsement”, neno ambalo kwenye biashara na siasa ni kuunga mkono. Mwanafunzi aliyelijua kwa maana ya pili pekee atasoma barua ya mahakama akidhani anapongezwa.

Namna ya kufundisha

Mtego mmoja kwanza kwa walio kwenye biashara. Kwenye forodha, “drawback” si kasoro. Ni kurejeshewa ushuru uliolipwa kwa bidhaa ambayo baadaye imesafirishwa nje. Marekani imekuwa na utaratibu huu tangu sheria ya ushuru ya 1789, na leo kwa kawaida hurejesha asilimia 99. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo inao. Wakala wa Kichina anayeona “duty drawback” kwenye fomu na kuisoma kama hasara ataacha fedha zake mezani. Kwa Kichina hapo ni tuìshuì, kurudisha kodi.

Darasani, usianze na orodha. Mpe mwanafunzi sentensi kumi za Kichina zenye quēdiǎn, na kabla ya kugusa Kiingereza aandike pembeni ya kila moja mahali kasoro ilipo: nafasi, kitu, mtu, hoja, daftari. Ndipo atafute neno, kisha kihusishi chake. Wanafunzi wengi hukwama kwenye hatua ya kihusishi, si ya neno, kwa hiyo wajifunze viwili hivyo pamoja: “flaw in”, “drawback to”, “points on a licence”, “a black mark against someone”.

Hatua ya pili ni karatasi halisi. Chukua kanuni za nidhamu za shule yoyote ya Hong Kong au Taiwan iliyochapisha Kichina na Kiingereza, ficha upande wa Kiingereza, na mwanafunzi aandike ngazi zote kwa mpangilio. Angalia mambo mawili tu: je, kila adhabu imebaki kuwa adhabu badala ya kuwa maelezo ya kosa, na je, msomaji asiyejua Kichina anaweza kusema ipi ni nzito kuliko ipi? Na kama karatasi ni ya chuo cha China Bara chenye ngazi tano, akiandika “serious warning” chini ya “demerit” kama adhabu kali zaidi, amefuata ukali wa maneno na kusahau ngazi. Mrudishie karatasi aanze kwa kuandika namba 1 hadi 5 pembeni.